Nyayo na Mwenye Nyayo

Huku kwetu Matembwe, wilayani Njombe, masika yakishika hakuna apitaye kwa siri. Udongo hutunza unyayo. Mtu akitoka alfajiri kwenda kugema ulanzi, jua likipanda majirani wamekwisha kujua alipita wapi, kama alikuwa na mbwa, na kama alirudi na mzigo. Nimekulia katika elimu hiyo, na niliamini kwamba naijua vizuri. Kumbe nilikuwa nimejifunza nusu yake tu. Nusu ya pili nilifundishwa na simu ya mpwa wangu, na ada ya somo hilo hakuilipa aliyefundishwa.

Binti huyo wa dada yangu aliacha simu yake kwangu ipate chaji. Namba ya siri aliwahi kunipa mwenyewe, kwa kuniamini. Nilitaka kujua bei ya viazi Makambako, nikaifungua. Nilipogusa mahali pa kuandikia, kabla sijaandika hata herufi moja, yaliteremka maneno aliyokuwa ameyatafuta siku zilizopita: ARV huanza kufanya kazi baada ya muda gani, mwenye virusi ale nini, dawa zikimchosha mtu afanyeje. Wakati huo alikuwa ameposwa.

Nilimrudishia simu yake bila kusema neno. Lakini jioni nilimnong'oneza mzee mwenzangu aliyehusika na mazungumzo ya mahari. Nilijiambia kwamba kunyamaza kungekuwa udanganyifu. Baada ya wiki mbili upande wa mume ulileta ujumbe kwamba shughuli isimame. Hawakutaja sababu, nasi hatukuuliza, maana mimi niliijua.

Dada yangu, ambaye ameniruhusu kuandika haya, ndiye aliyenijia. Alikataa kiti, akakataa na chai. Akasema, "Kaka, aliyetafuta ni mwanangu. Aliyeambiwa na daktari ni mimi."

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: alama anazoziacha mtu, je, ni mtu mwenyewe?

Mpwa wangu aliniambia jambo moja lililonishangaza. "Nilifuta, Mjomba." Na kweli alikuwa amefuta. Nilianza kuuliza wenye ujuzi, wakanieleza. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti, huweka orodha ya kurasa zilizotembelewa, pamoja na saa na idadi ya mara. Huweka pia picha na vipande vya kurasa ili visipakuliwe upya, na vijifaili viitwavyo vidakuzi, ambavyo tovuti huvitumia kumtambua mgeni aliyewahi kufika. Katika kompyuta nyingi, mtu akifuta orodha hiyo, kinachoondoka kwanza ni njia ya kuifikia. Maandishi yenyewe huweza kubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Isitoshe, aliyeingia kwa akaunti yake ya Google huwa na kumbukumbu nyingine katika mitambo ya mbali, na kufuta ya kwenye kivinjari hakuifuti hiyo. Hiyo ndiyo iliyoteremka mbele ya macho yangu.

Wako watu ambao kazi yao ni kusoma alama hizi kwa ajili ya mahakama. Hao hawagusi kifaa ovyo kama nilivyofanya mimi. Hunakili kila kilichomo, kisha hupiga hesabu maalumu juu ya kilicho asili na juu ya nakala. Tarakimu zikilingana, ni uthibitisho kwamba hakuna kilichobadilishwa. Na bado hukosea.

Mwaka 2011 huko Orlando, katika jimbo la Florida nchini Marekani, Casey Anthony alishitakiwa kwa kumwua binti yake wa miaka miwili. Mahakama ilielezwa kwamba kompyuta ya nyumbani kwao ilifungua ukurasa wa habari za klorofomu mara 84. John Bradley, mtengenezaji wa programu iliyotumika kusoma kumbukumbu hizo, naye akiwa shahidi wa mashtaka, alikuja kugundua kosa: ukurasa ule ulifunguliwa mara 1 tu. Hizo 84 zilikuwa za MySpace, mahali ambapo vijana walikuwa wakizungumza na marafiki. Tena mama wa mshitakiwa aliapa kuwa ndiye aliyetafuta neno lile, akitaka habari za klorofili ya majani. Waendesha mashtaka wakampinga kwa kumbukumbu za kazini kwake. Mshitakiwa aliachiwa katika shitaka la mauaji. Mwaka uliofuata ikafahamika kwamba wapelelezi walisoma kivinjari kimoja na kukiacha cha pili, Firefox, ambacho kilikuwa na utafutaji wa siku ile mtoto alipoonekana hai mara ya mwisho.

Basi watu wenye vyombo na kiapo waliona mengi kuliko yaliyokuwapo, na papo hapo hawakuona yaliyokuwapo. Mimi sikuwa na chombo wala kiapo. Nilikuwa na dakika moja na mistari mitatu.

Hata sheria yetu imeona hatari hiyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa namna hii, iangalie ulivyotengenezwa na kutunzwa, na pia aliyeuandika alivyotambuliwa. Yaani haitoshi kusema "kimeandikwa", lazima kuuliza "nani aliandika?" Mimi ningeongeza swali la tatu ambalo hakuna mashine iwezayo kulijibu: kwa ajili ya nani, na kwa nini? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba mkoa wetu wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa yote: asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi, karibu mmoja katika kila wanane. Mahali kama hapa, anayetafuta habari za ARV aweza kuwa mgonjwa, au muuguzi, au mwanafunzi, au mtoto anayetaka mama yake aishi.

Kwa muda mrefu nilijifariji kwamba kosa langu lilikuwa la kusoma vibaya. Sasa siamini hivyo. Tuseme nilisoma sawasawa. Tuseme mgonjwa alikuwa mpwa wangu mwenyewe. Je, ningekuwa na haki ya kumnong'oneza yule mzee? Hapana. Habari ile ilikuwa mali yake, aitoe yeye, kwa wakati wake, kwa mchumba wake. Sheria ya mwaka 2008 ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI inalinda siri ya majibu ya mtu hata dhidi ya wale waliompima. Sembuse mjomba aliyekuwa akitafuta bei ya viazi!

Sisemi alama zisisomwe kamwe. Mtoto akipotea, au mwizi akimaliza akiba ya wajane, na zisomwe. Lakini asome mwenye mamlaka na ujuzi, naye awe tayari kuhojiwa. Lakini kati yetu sisi, ndugu na majirani, naona wajibu ni mwepesi kuutaja na mgumu kuutimiza: usifungue usichopewa kufungua, ukikiona kwa bahati mbaya, muulize mwenyewe kabla hujamhukumu, naye akikataa kujibu, nyamaza. Unyayo huonyesha mtu alikopita. Alichokibeba moyoni hauonyeshi.

Nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza kwamba nilikosea, bila kumtaja mgonjwa. Alinisikiliza kwa heshima. Maneno yangu ya pili hayakwenda mbali kama ya kwanza, na posa haikurudi. Dada yangu anameza dawa zake na anapalilia shamba lake. Mpwa wangu akinikuta njiani hunipa shikamoo, name huitikia marahaba, tukaulizana habari za nyumbani. Simu yake sasa huichaji kwa jirani.