Je, Kusamehe ni Kusahau?



Wakristu wengi hufikiri kwamba mtu aliyesamehe kweli hasemi tena juu ya ubaya aliotendewa. Akiutaja tu, wenzake humwambia: «Wewe bado una kinyongo.» Tena husema kwamba kidonda kikitoneshwa hakiponi. Maneno hayo yana busara ndani yake. Lakini, je, ni kweli kabisa? Ili tupate jibu, twende kwa mawazo mpaka Irlandi, nchi ya Wakatoliki wengi iliyoteswa sana zamani, tukaingie katika nyumba zao za makumbusho.

Nyumba hizo ni nyingi huko, hata katika miji midogo. Usidhani kwamba mgeni anaonyeshwa taji za wafalme tu. Huko Turlough Park, katika jimbo la Mayo, serikali ilifungua mwaka 2001 makumbusho ya maisha ya watu wa mashamba: humo mna vikapu, majembe na nguo za kazi. Huko Portumna wametunza nyumba ya maskini ya zamani. Maskini aliyeingia humo alitengwa na jamaa yake: baba huku, mama kule, wavulana na wasichana kila kundi mahali pake. Mgeni anapita katika vyumba vile vile, ananyamaza.

Lakini nyumba ninayotaka tuitazame hasa iko Strokestown, katika jimbo la Roscommon. Ni jumba la bwana mmoja mwenye ardhi. Mwaka 1979 mfanyabiashara wa pale, Jim Callery, alilinunua pamoja na shamba lake, kwa sababu alitaka nafasi kwa ajili ya kamyo zake. Ndani alikuta karatasi nyingi sana za zamani. Katika hizo mlikuwa na barua ya mwaka 1846, iliyoandikwa na wapangaji wa mahali paitwapo Cloonahee. Walimwomba bwana wao kazi na chakula, wakisema kwamba jamaa zao zinateseka mbele ya macho yao, wala hawawezi tena kuvumilia kilio chao. Callery alisoma barua ile, akaona haifai kuzitupa karatasi hizo. Mwaka 1994 makumbusho ya njaa yakafunguliwa mahali hapo.

Njaa yenyewe ilianza mwaka 1845. Maskini wa Irlandi waliishi kwa viazi tu, kwa sababu vishamba vyao vilikuwa vidogo, na mazao mengine yaliuzwa ili kulipa kodi ya bwana. Ugonjwa ukaingia katika viazi, vikaoza udongoni. Nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kufika mwaka 1852, karibu milioni 1 walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni 1 wamehama. Na siku hizo zote nafaka na ng'ombe viliendelea kupakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Uingereza.

Bwana wa Strokestown aliitwa Denis Mahon. Msimamizi wake alifanya hesabu, akaona kwamba kuwasafirisha watu mpaka Kanada ni rahisi kuliko kuwalisha mwaka mmoja katika nyumba ya maskini. Basi mwaka 1847 watu 1,490 walitembea kwa miguu mpaka Dublin, safari ya kilometa 165, kisha wakaingia merikebuni. Katika merikebu moja, jina lake Virginius, watu 158 kati ya 476 walikufa baharini. Leo, kando ya njia ile waliyopita, vimewekwa viatu vidogo vya shaba, mfano wa viatu vya watoto wa siku zile.

Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, Denis Mahon alipigwa risasi njiani, akafa. Wakubwa wengine walimshtaki padri wa parokia, Michael McDermott, kwamba alimlaani bwana huyo altareni. Yeye alikana kabisa.

Basi tazama jambo la ajabu. Nyumba ile haifichi upande wowote. Mgeni anaona vyumba vizuri vya bwana, na barua ya wenye njaa. Anasikia habari za waliokufa baharini, na habari za mtu aliyeuawa njiani. Huko si kulipiza kisasi. Mwenye kisasi huchagua: hukumbuka maiti zake, husahau za mwenzake. Mwenye kusema kweli huzihesabu zote.

Tena kweli haimhukumu mgeni peke yake. Wako Wairlandi waliopata mashamba ya jirani zao waliokufa au kuhama. Labda ndiyo sababu moja wengi walikaa kimya miaka mingi. Kusahau si amani sikuzote. Mara nyingine ni aibu iliyofungiwa chumbani.

Sasa twajua jibu. Kusamehe si kusema: «Halikutokea.» Kama halikutokea, unasamehe nini? Kusamehe ni kusema: «Lilitokea, nalijua lilivyo, wala sitakudai damu yake.» Bwana wetu Yesu Kristu, alipofufuka, hakuficha alama za misumari. Aliwaonyesha wafuasi wake, akawaambia: «Amani kwenu.»

Jambo hili latugusa hata sisi wa Kongo. Tarehe 8 Novemba 1960, karibu na Niemba, katika Katanga ya kaskazini, askari wa Irlandi waliotumwa na Umoja wa Mataifa walishambuliwa. Tisa kati yao walipoteza maisha. Waluba pia walikufa siku ile. Wairlandi wanawakumbuka wale tisa kwa majina. Vema. Lakini wale wengine, waliokuwa wana wa nchi hii, nani anayajua majina yao? Nani amewauliza wazee yaliyowapata kabla ya siku ile, hata wakaogopa kila mgeni mwenye bunduki?

Ndugu msomaji, hatuna lazima ya kungoja jumba kubwa. Daftari la parokia lipo. Wazee wako hai bado, lakini hawatakaa sikuzote. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, keti na babu yako au nyanya yako, uulize, uandike. Andika wafu wa kwenu, na wafu wa jirani mliyepigana naye. Ukishamaliza kuyaandika majina yote, uyasome mbele ya Mungu, bila kuruka hata moja.