Sauti Iliyo Bora na Sikio Lililo Bora

Katika nchi hii ya Nachingwea na Ruangwa, korosho zikiisha kuuzwa mnadani kwa njia ya chama kikuu cha RUNALI, na malipo yakiisha kumfikia mkulima, ndipo yaanzapo mashauri ya nyumbani. Huyu ataka mabati, huyu akumbusha ada ya shule. Kijana naye ataka hedifoni nyingine, zile ndogo za kutia sikioni. Maana alizo nazo, asema, hazimpi muziki kama ulivyo. Baba humjibu: “Si unasikia? Wataka nini tena?” Neno hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa: Je, mtu aliye na chombo kinachotosha, ni halali yake kutafuta kilicho bora? Na ubora huo tuupime kwa nini?

Kwanza, tusiseme kwa haraka kwamba haja ya kijana ni upuzi. Mpiga ngoma wa kwetu hakuridhika kamwe na sauti yo yote tu. Kabla ya mchezo huwasha moto, huisogeza ngozi karibu nao hata ikaze, huigonga, husikiliza, kisha huirudisha tena motoni, mpaka sauti iwe ile aitakayo. Hakuna mzee aliyemwambia, “Ngoma inalia, yatosha.” Na huko Ujerumani, mwaka wa 1705, Johann Sebastian Bach, kijana wa miaka 20, alitoka mji wa Arnstadt akaenda kwa miguu mpaka Lübeck, mwendo wa kilomita 400 hivi, karibu kama kutoka Lindi hata Dar es Salaam, ili amsikie Dieterich Buxtehude akipiga kinanda cha kanisa. Alipewa ruhusa ya majuma manne, naye akawa mbali muda wa miezi minne hivi. Aliporudi wakubwa wake walimkemea. Lakini sikio lake lilikuwa limefunzwa, na faida ya mafunzo hayo imetufikia hata sisi. Basi kutamani sauti njema si dhambi.

Lakini angalieni, ndugu, jinsi mpiga ngoma na Bach walivyofanana: wote wawili walitoa kazi ya kusikiliza. Hedifoni mpya hainunui kazi hiyo. Chombo bora humwezesha msikilizaji kupambanua sauti ya tatu na ya nne katika wimbo wa kwaya, asisikie mvumo mmoja tu. Lakini kupambanua kwenyewe ni juu yake. Tena wimbo ulionakiliwa kutoka simu hata simu, na kubanwa mara nyingi ili uchukue nafasi ndogo, hautengenezwi na hedifoni ya bei kubwa. Kasoro zake zaweza kufunuliwa zaidi. Na mara nyingi kosa halimo katika chombo: kile kipira cha kutia sikioni ni kidogo mno kwa mwenye nacho, hewa yapita, na sauti nzito zapotea. Abadili kipira kwanza, kabla ya kutoa fedha nyingi.

Tena liko jambo la afya. Ndani ya sikio mna chembe ndogo sana zenye vinywele, zipokeazo mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kwa mwanadamu chembe hizo zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asikilize kwa nguvu ya desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa juma; na kila sauti ikiongezeka kwa desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10 tu. Kijana aliye katika basi la kwenda Masasi, mwenye hedifoni isiyoziba, huongeza sauti ili aushinde mngurumo wa injini. Hedifoni iliyoziba vema humruhusu kuipunguza. Hapo nasema bila shaka kwamba iliyo bora ina faida ya kweli, ikiwa mwenye kuinunua atapunguza sauti. Asipoipunguza, ameongeza gharama juu ya hasara.

Lakini hapa ndipo penye shida yenyewe. Kadiri chombo kizibavyo kelele, ndivyo kizibavyo na mwito wa jirani. Kelele ya injini na sauti ya mama aitaye maji hupita mlango mmoja. Mwingine atajibu kwamba hedifoni ni adabu kuliko spika kubwa isiyowapa wagonjwa usingizi, na jibu hili ni la haki. Hata hivyo, adabu ya kutowasumbua watu haitoshi. Yatupasa pia kupatikana wanapotuhitaji. Mwendesha pikipiki aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi nyuma yake, na abiria wake hakuchagua hatari hiyo. Kwa hiyo anunuaye chombo kizibacho zaidi amejitwika wajibu ulio mkubwa zaidi: ajue saa ya kukitia sikioni na saa ya kukitoa. Akiwa barabarani, akiwa na mtoto wa kutunza, au mgeni akiwa barazani, akitoe.

Basi tumjibu baba na mwana. Baba asipime haja ya mwanawe kwa neno “yatosha” peke yake, maana mambo mengi mazuri yalianza kwa mtu ambaye hakutosheka. Mwana naye asikope, wala asiitangulie ada ya mdogo wake. Na akiisha kuipata hedifoni, asianze kesho kutamani nyingine kabla hajausikiliza hata wimbo mmoja kwa makini. Tena jioni amtilie baba yake upande mmoja sikioni, kwa sauti ya chini, amwonyeshe ile sauti ya nne ambayo hapo kwanza haikusikika. Huenda baba ataelewa alichokuwa akitafuta, nao watazungumza.