Mwalimu Mbele ya Chombo Kipya

Msomaji, huenda umepata kumwona mwalimu wako akiikwepa tarakilishi kama mtu akwepavyo mdai wake. Huipita mezani, huokota chaki, hugeukia ubao, na somo huendelea kama miaka yote. Wanafunzi hutazamana, na wengine hunong'ona kwamba mwalimu ni mtu wa zamani. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mimi ni mmoja wa walimu hao, na nataka kuipinga kwa sehemu na kuikiri kwa sehemu.

Katika mwaka 2013 serikali mpya ya Kenya iliahidi kwamba kila mtoto aingiaye darasa la kwanza katika shule ya umma atapewa kipakatalishi. Ahadi ilichelewa, kisha ikabadilika umbo. Mwaka 2016 vishikwambi vilianza kugawanywa badala yake, pamoja na vipakatalishi vya walimu na projekta. Vyombo zaidi ya milioni 1 vilifika katika shule zaidi ya 20,000, na nyaya za umeme zilivutwa hadi mahali palipokuwa hapajui taa ila kibatari. Shule yetu nayo ilipata sanduku lake. Liliwekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma ya mlango wa chuma, kwa kuhofia wezi, na ufunguo ukakaa kwake. Nakiri kwamba nilifurahi ufunguo ukae huko.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu. Huko tulijifunza tarakilishi kwa picha iliyochorwa ubaoni: hiki ni kiwambo, hii ni kibodi, hiki ni kipanya. Niliufaulu mtihani vizuri bila kukigusa kipanya chenyewe. Baadaye tulipewa mafunzo ya siku chache, yenye hotuba nyingi na chai nzuri, tukarudi tulivyokwenda.

Udhuru haukutupungukia. Umeme ulikatika mara kwa mara. Watoto walikuwa wengi. Chombo kikivunjika, nani atakilipa? Kila neno katika hayo lilikuwa kweli. Lakini udhuru wa kweli huweza kutumika kama pazia, na nyuma ya pazia letu palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika chumba cha walimu: tuliogopa kuonekana hatujui.

Siku moja ya mwaka 2018 nilijikaza, nikachukua projekta ili niwaonyeshe wanafunzi wa darasa la sita moyo na mishipa ya damu. Mashine iliwaka, walakini ukutani haikutokea picha, ila mwanga mtupu wa buluu. Nilibonyeza hiki, nikabonyeza kile, jasho likanitoka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, ambaye mama yake alikuwa na kibanda cha kuchajia simu sokoni, akainua mkono. "Mwalimu, nadhani waya haujaingia vizuri. Nije niutazame?" Nilimwamuru aketi. Kisha nilifunga kila kitu na kuliambia darasa kwamba leo umeme ni dhaifu. Watoto 45 wakainua macho kuitazama taa iliyoning'inia juu yetu. Ilikuwa ikiwaka.

Usiidharau dhambi hii kwa kuwa ni ndogo. Ukutani mwa darasa lilelile nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kuuliza si ujinga. Mtoto yule alijifunza siku hiyo kwamba maneno ya ukutani ni ya watoto tu, na kwamba kujua kwake ni kosa kukitangulia kujua kwa mkubwa. Hakuinua mkono tena katika somo langu muhula ule. Nilikuwa nimeilinda heshima yangu kwa mali isiyo yangu.

Basi kujiamini kwa mwalimu kwafaa kusimama juu ya nini? Zamani kitabu kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa mkononi mwa mwalimu. Alijua kwa sababu wengine hawakuwa na njia ya kujua. Kujiamini kwa namna hiyo ni kama majivuno ya mwenye kisima wakati wa kiangazi: mvua ikinyesha hana la kuuza. Mtazame fundi seremala apewaye randa asiyoijua. Huigeuzageuza, huijaribu juu ya kipande kibovu, huharibu kidogo, huuliza, hujaribu tena. Hapotezi ufundi wake kwa dakika hizo, na mwanagenzi aliye kando yake huona ufundi ukizaliwa.

Albert Bandura, mwanasaikolojia mzaliwa wa Kanada aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu juu ya uwezo wake hukua hasa kwa kutenda na kufaulu, na pia kwa kumwona mtu aliye kama yeye akifaulu. Maneno ya kutia moyo hayana nguvu sawa na hayo. Nilipoyasoma niliukumbuka ufunguo wa ofisi. Tulihutubiwa tusiogope, huku vyombo ambavyo vingetuondolea hofu vimefungiwa.

Hata hivyo, si kila mwalimu aachaye chombo ni mwoga. Yuko akijuaye sawasawa, naye hukiacha kwa kuwa somo la leo lataka mbegu ya maharagwe kiganjani, wala si picha ya mbegu. Na yuko awashaye filamu, akaenda kuketi nyuma na gazeti lake. Wa kwanza usimhesabu mshamba, na wa pili usimwite mjuzi.

Wewe nawe una sehemu yako, msomaji, maana yamkini wavijua vyombo hivi kunishinda. Mwalimu akikwama mbele yako, umeshika jambo la thamani mkononi: waweza kucheka, au waweza kuinua mkono kama msichana yule. Kicheko kimoja chaweza kulirudisha sanduku nyuma ya mlango wa chuma kwa mwaka mzima.

Yeye alimaliza shule yetu mwaka 2021, baada ya miezi ile mirefu shule zilipofungwa kwa ugonjwa wa korona, nami nilikuwa sijamwomba radhi. Juzi nilimkuta sokoni, msichana mzima sasa. "Shikamoo, Mwalimu." Nilimwitikia, nikamwuliza kama aikumbuka siku ya projekta. Alitazama chini kidogo. "Naikumbuka, Mwalimu. Taa ilikuwa inawaka." Nilimwomba radhi palepale, kati ya mafungu ya nyanya na vitunguu. Akauliza kama projekta ile ingali nzima. Nilimwambia ni nzima, ila waya wake hulegea, na watoto wa darasa la sita ndio huukaza.