Bahari Sebuleni

Wapo watu wanaofuga bahari sebuleni. Hununua tangi la kioo, wakakoroga chumvi kwenye maji yaliyochujwa mpaka ifike kama gramu 35 kwa lita, wakafunga taa na pampu, halafu macho yote yakawa kwa anemoni zulia. Ukimwona huwezi kuwalaumu. Ni mnyama bapa, minyiri yake mifupi imesongamana hata huoni ngozi iliyo chini yake. Mguse kwa kidole naye ananata. Ukivuta mkono, minyiri inakufuata kidogo ndipo inaachia. Kunata huko ni silaha: samaki anayepita ovyo huishia mdomoni.

Wazoefu husema tangi likae walau miezi sita, wengine husema mwaka, ndipo anemoni aletwe. Mawe na mchanga vinahitaji muda kuotesha bakteria wanaogeuza amonia ya vinyesi na makombo kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina ukali kama hizo za kwanza. Chupa za bakteria zinauzwa, sikatai, lakini utulivu wa tangi haununuliwi. Kwa hiyo kwa miezi mingi mwenye tangi anamhudumia mnyama ambaye bado hajafika: anapima chumvi, anafidia maji yaliyokauka, anahakikisha joto halitoki sana kwenye nyuzi 25. Katika Mwanzo sura ya 2 bustani inapandwa kwanza, ndipo mtu anawekwa humo, na anakabidhiwa kazi kabla ya kuruhusiwa kula tunda lolote. Tunaharakia matunda tukasahau mpangilio huo.

Anemoni akiona mahali hapamfai anabandua mguu wake na kuanza kutembea, akitafuta mwanga au mkondo wa maji, na safari nyingi za namna hiyo huishia kwenye pampu. Ndani ya mwili wake unaishi mwani usioonekana kwa macho, unaomlisha kwa nguvu ya mwanga. Mwani ukimtoka anabaki mweupe, yaani ana njaa. Madukani weupe huo huuzwa kama urembo, na wapo wanaotiwa rangi ya manjano au zambarau. Anayenunua kwa tamaa ya macho hurudi nyumbani na mgonjwa.

Namfikiria Philip Henry Gosse, Mwingereza mwanasayansi na Mkristo mwenye bidii, aliyetoa kitabu chake kuhusu matangi ya bahari mwaka 1854. Aliwapenda anemoni kwa dhati, akawaandikia pia kitabu, wao na matumbawe. Kwake kuchungulia dimbwi la mwambani kulikuwa namna ya kumsifu Muumba. Wasomaji wakamwitikia, wakajaa ufukweni. Mwanawe Edmund, katika kumbukumbu alizotoa mwaka 1907, anasimulia jinsi madimbwi yale yalivyokombwa na jinsi jambo hilo lilivyomuumiza baba yake. Sidhani watu wale walikuwa na nia mbaya. Waliupenda uumbaji, na kila mmoja akabeba wake.

Nasi tuna cha kubebwa. Anemoni zulia mkubwa kuliko wote, anayeweza kuzidi mita moja kwa upana, yumo katika matumbawe ya Afrika Mashariki. Samaki wadogo wenye mstari mweupe mgongoni hujificha katikati ya minyiri yake, na kwenye mawe chini ya ukingo wake ndipo wanapotaga mayai. Aking'olewa, wao hubaki wazi mbele ya kila mwenye meno. Mteja wa mbali anaona anemoni mmoja ndani ya mfuko wa maji. Kaya iliyobaki nyuma haionekani kwenye risiti.

Lakini siwezi kusema kuchukua ni dhambi. Mwaka 1828 Mskoti John Dalyell alichukua anemoni mdogo mwekundu kutoka mwamba wa North Berwick, akamweka katika chombo cha kioo. Hakukuwa na pampu wala taa. Anemoni huyo alibadilishiwa maji ya bahari na kulishwa vipande vya kome. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokewa na mtunzaji mwingine, kisha mwingine, akazaa watoto kwa mamia, akafa mwaka 1887. Kwa hiyo swali langu kwa mwenye tangi wiki hii si la vifaa: nani nyumbani kwako amekubali kubeba ndoo utakapokuwa hupo?