Sauti ya Mtu na Sauti ya Santuri

Msomaji, kuiga ni mlango wa elimu. Mtoto huiga usemi wa mama yake kabla hajajua maana ya neno, na mwanafunzi hufuata mwandiko wa ubaoni kabla hajapata mwandiko wake mwenyewe. Hapana awalaumuye. Walakini mtu akiiga sahihi ya jirani yake katika hati ya kiwanja hufungwa. Kalamu ni ile ile na kazi ya mkono ni ile ile, lakini mmoja husifiwa na mwingine hutiwa gerezani. Basi mpaka baina ya kuiga kwema na kuiga kubaya uko wapi? Nilidhani naujua, hata kijana mmoja wa Kawangware aliponionyesha kuwa siujui.

Kijana huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Babu yake, mtu aliyetoka magharibi ya Kenya akafia Nairobi, alipenda mno gitaa la omutibo, mtindo uliopata sifa kwa mkono wa George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963. Katika omutibo kidole gumba hutembea juu ya nyuzi nene, kidole cha shahada huimba juu ya nyuzi nyembamba, na mwenzi hugonga chupa ya soda kuushika mwendo. Mwaka ulipotimia tangu mzee azikwe, bibi alimwomba mjukuu wake apige wimbo mmoja wa Mukabi siku ya kumbukumbu, tena uwe, kwa maneno yake, “vile vile ulivyokuwa katika santuri ya babu yako.”

Kijana aliutii usemi huo kama sheria. Aliupiga wimbo, akajirekodi, akaulinganisha na santuri, akaona gitaa lake ni jipya mno: linang’aa juu na kuvuma chini, hali gitaa la santuri ni kavu, jembamba, kama mtu asemaye nyuma ya mlango. Akatafuta ikwalaiza. Hiki ni chombo kiigawanyacho sauti katika mafungu, tangu mitetemo michache kwa sekunde hata mingi, na kila fungu hupewa kitasa chake cha kulipandisha au kulishusha. Uzi mnene wa gitaa hutetema kama mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kabisa, usiposhikwa, kama mara 330. Lakini juu ya kila uzi husimama sauti nyingine ndogo ndogo, hata maelfu ya mitetemo, na hizo ndizo ziupazo uzi rangi yake. Kijana akashusha huku, akapandisha kule, na baada ya siku nne gitaa lake likawa na sauti ya santuri.

Aliponisikilizisha nilikasirika. Nilimwambia, mbele ya wenzake, kwamba amefanya kazi ya mwenye kughushi noti. Hakujibu. Alizima simu yake akaitia mfukoni, na juma zima hakuniuliza swali darasani. Neno langu lilikuwa jepesi kulitamka, na mpaka leo sijalipima likapungua uzito.

Siku ya Jumamosi nilimfuata Kibera, kwenye chumba alikokwenda kurekodi. Tulitoka Kawangware, tukapita Dagoretti Corner, tukaivuka Barabara ya Ngong, naye njiani hakusema zaidi ya “Ndiyo, Mwalimu” na “La, Mwalimu.” Chumba kilikuwa cha mabati, karibu na reli. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai, jambo lifanywalo na vijana wengi ulimwenguni wakiamini kuwa zazuia mwangwi. Faida yake ni ndogo sana. Godoro kuukuu na mablanketi mawili yaliyotundikwa pembeni yalifanya kazi kubwa zaidi. Mvua ikinyesha, kazi husimama. Gari moshi likipita, husimama pia.

Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu jinsi kazi ile ifanywavyo, na haya yakaanza kunishika. Kwanza alihakikisha kuwa santuri na gitaa lake vinasikika kwa kishindo kimoja. Nilimwuliza sababu. Akasema kuwa sikio ni shahidi mwepesi wa kuhongwa: chenye kishindo zaidi hulionekea bora zaidi, ingawa si bora. Ni kweli, Fletcher na Munson walionyesha huko Marekani mwaka 1933 kuwa sikio letu halipimi sauti nene na nyembamba kwa mizani ile ile kishindo kinapobadilika. Sijui kama utaona, msomaji, ni mabaraza mangapi yangeamua vingine kama wazee wangefanya kwanza kama kijana yule, wakasawazisha kishindo cha wasemaji kabla ya kupima maneno yao.

Kisha alishusha kabla ya kupandisha. Aliutafuta mvumo uliozidi, karibu na mitetemo 200, akaupunguza kidogo. Akautafuta mwasho ulio baina ya 2,000 na 4,000, akaupunguza pia. Ikwalaiza, alinieleza, haiumbi kitu. Fungu lisilo na sauti ndani yake ukilipandisha hutapata wimbo, utapata mvumo wa mashine na ngurumo ya barabara. Kama kidole hakikuutoa mlio, hapana kitasa kiutoacho. Nilianza kufahamu kuwa mwenye kughushi noti hahitaji kujua uchumi, bali kijana huyu asingaliweza kuigiza sauti ile bila ya kuisikiliza mara mamia, kwa subira ambayo mimi mwalimu wake sikupata kumfundisha.

Wala hakutaka kumdanganya mtu. Bibi alijua ni mjukuu apigaye. Mwenye kughushi sahihi hutaka mwenye hati asijulikane. Kijana alitaka babu yake akumbukwe. Nikadhani basi nimeupata mpaka niliokuwa nautafuta: kuiga ni kubaya palipo na udanganyifu. Ningeliishia hapo, na insha hii ingekuwa fupi, kama asingaliingia mzee fundi viatu.

Mzee huyu alikuwa jirani wa bibi kule Kawangware. Utotoni mwake, akiwa na umri wa miaka kama kumi, alimsikia Mukabi akipiga kwa mikono yake. Kijana alimwita aje asikilize. Mzee aliketi juu ya debe, akasikiliza kazi ya siku nne hata mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mjukuu wangu, hii ni santuri. Siyo yeye. Gitaa lake lilikuwa na mwanga.”

Kijana alinitazama mimi, kana kwamba ndimi niliyemwita mzee ili nimshinde.

Lakini mzee alisema jambo ambalo mafundi wa sauti walijua zamani. Santuri haikupata kuwa kioo. Sauti nene zikichongwa kwa ukubwa wake wote hupanua mfereji na kula nafasi; kwa hiyo wachongaji walizipunguza kwa makusudi na kuzipandisha zile nyembamba, na kinanda cha nyumbani kikapewa kazi ya kurudisha kila kitu mahali pake. Kabla ya mwaka 1954, ulipowekwa nchini Marekani mwafaka mmoja wa RIAA, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. Katika mwafaka huo sauti ya mitetemo 20 hushushwa desibeli zipatazo 20 chini ya ile ya mitetemo 1,000, na ile ya mitetemo 20,000 hupandishwa kiasi karibu na hicho. Chombo kisichorudisha sawasawa hutoa sauti nyembamba, kavu. Ongeza maikrofoni ya zamani, sindano iliyochoka, na miaka mingi ya mchanga, halafu uniambie ni kiasi gani cha ukavu ule kilitoka katika kidole cha Mukabi. Kijana alikuwa ameiga mtu pamoja na ugonjwa wa mashine, akaviheshimu vyote viwili sawasawa.

Usidhani, hata hivyo, kuwa nampa mzee ushindi wote. Kumbukumbu ya miaka zaidi ya sitini ni ikwalaiza nayo, tena haina alama kwenye vitasa vyake. Hushusha njaa na baridi za utotoni, hupandisha mwanga. Nchi yenyewe tuliyokuwa tumekaa juu yake ni ushahidi. Wanubi, askari waliokaa pale mwanzoni mwa karne ya 20, walipaita Kibra, maana yake msitu. Neno lilipopita katika midomo ya wengine likawa Kibera, na watoto waliozaliwa humo wakalipenda hivyo. Mwaka 2013 jimbo la uchaguzi likaitwa Kibra. Je, jina la kweli ni lipi? Mnubi atakujibu upesi, naye ana haki. Lakini muulize yule ambaye mama yake alimwita kutoka mlangoni kwa jina la pili maisha yake yote.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya kijana: bibi aliyeitaka santuri, kwa kuwa santuri ndiyo aliyoijua, ndiyo iliyolia sebuleni mumewe alipokuwa hai, na mzee aliyemtaka mtu. Kumtii mmoja kulikuwa kumkosea mwingine. Nami, niliyekuwa mwepesi wa hukumu juma lililopita, sasa sikuwa na neno ila lile nililopaswa kulisema mapema. Nikamwomba radhi, mzee akisikia.

Kijana alifikiri kidogo, akasema kuwa siku ya kumbukumbu atapiga kama alivyoomba bibi, kwa sababu siku ile ni yake. “Lakini nataka kuujua mwanga huo,” akamwambia mzee. Akavirudisha vitasa vyote katikati, akashika gitaa. Mzee akasema bado. Akapandisha fungu la juu. Bado. Ndipo mzee alipoondoka juu ya debe lake, akaushika mkono wa kijana, akausogeza nyuma kidogo, karibu na daraja la gitaa, akakikunja kidole gumba chake kwa namna ambayo hakuwa na jina lake.

Hatukugusa tena ikwalaiza usiku ule. Kijana alipiga hata ngozi ya kidole ikachubuka, na mzee, aliyekuwa amesema ataondoka saa moja kabla giza halijashika, aliondoka saa nne.