Mzigo wa Maji

Sisi tukaao Tarime na Serengeti twaijua mito Mara na Grumeti. Lakini asafiriye mashariki kuupanda Ol Doinyo Lengai, mlima wa meta 2,962, aingia nchi kame. Ziwa Natron li karibu, ila maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Kwa ajili ya jua kali watu huanza kupanda usiku, na maji yote huchukuliwa mgongoni tangu chini.

Basi twauliza: achukuaye maji machache, ili mzigo wake uwe mwepesi, ajidhuru nafsi yake tu? Sivyo. Kiu imshikapo, mwenzake hawezi kunywa huku akimtazama, itampasa kumgawia. Hivyo wepesi wa mmoja umekuwa uzito wa mwingine, asiyeulizwa. Wahenga walinena kweli: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wengine husema kujiandaa sana ni woga. Sisi twaona ni upendo uliotangulia safari. Tena tuongeze kidogo, maana yuko ambaye chombo chake kitapasuka pasipo kosa lake. Huyo naye atakunywa nini?