Kwanza Andika Jina

Tarehe 28 Februari 1992 kundi la akina mama, wengi wao wazee wa mashambani, liliingia katika ofisi ya Mkuu wa Sheria jijini Nairobi. Aliyekuwa na cheo hicho wakati ule ni Amos Wako. Hoja yao ilikuwa nyepesi: kifungu cha 2A kimeondolewa kwenye katiba tangu Desemba, vyama vingi vimeruhusiwa, na lile lililowapeleka wana wao jela halihesabiwi tena kuwa kosa. Sasa kwa nini wangali ndani? Wafungwa waliodaiwa walikuwa 52. Akina mama wakaambiwa waende nyumbani, serikali italitazama jambo lao. Wakasema sawa, watasubiri, ila si nyumbani. Wakaenda Uhuru Park, wakatandika blanketi pembeni, wakaacha kula.

Mimi nilikuwa mtoto. Habari hizo tulizipata kwa redio ya baba, Idhaa ya Kiswahili ya BBC, sauti ikiwa chini kiasi cha kutulazimu kuinamia meza. Miaka ile hukujua jirani anapeleka maneno wapi.

Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa marungu na vitoa machozi. Wangari Maathai, aliyekuwa nao tangu mwanzo, alipigwa akazirai, akakimbizwa hospitalini. Baadhi ya akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Waliokulia kwetu wanajua laana ya mama mzee anayejivua mbele ya kijana wa rika la mwanawe, na askari wale nao walikuwa na mama zao. Kisha wakahamia katika kanisa kuu la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa humo karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu wafungwa wote walikuwa wameachiliwa, akiwemo Koigi wa Wamwere, ambaye mama yake, Monica Wangu, alikuwa miongoni mwa waliolala pale bustanini.

Kinachosimuliwa sana ni ule uchi, na haki yake. Mimi kadiri miaka inavyosonga ndivyo ninavyoirudia ile hesabu ya 52. Serikali ya Rais Moi ilikuwa na jibu tayari kwa kila aliyetaja wafungwa wa kisiasa: hakuna watu kama hao nchini, kuna wahalifu. Unaweza kubishana na jibu hilo mpaka jua lizame. Lakini ukileta jina la mtu, jina la mama yake, siku aliyochukuliwa na gereza alimo, mabishano yanaisha. Mkubwa aliyeko ofisini ama aseme ninaye ama aseme simjui, na uongo wa namna hiyo una tarehe na sahihi.

Hii ndiyo kazi ya mashirika ya haki za binadamu ambayo hatuioni. Tunawaona wakiwa na mabango barabarani na vipaza sauti, tunawaita wapiga kelele, na mara nyingine kelele zinahitajika. Sehemu kubwa ya siku yao, hata hivyo, inapita juu ya karatasi.

Niliiona kwa karibu nilipomsindikiza hadi ofisi ya shirika moja jirani yangu, ambaye mwanawe alikuwa ametiwa ndani ya gari usiku na watu wasiovaa sare. Afisa aliyetupokea alikuwa binti mdogo mwenye hijabu, na alianza na chai kabla ya maswali.

"Mama, hiyo Subaru ilikuwa ya rangi gani?"

"Nyeupe. Au kijivu, mwanangu, kulikuwa na giza."

"Nitaandika nyeupe au kijivu. Usijilazimishe kuchagua."

Akauliza alivaa nini, nani alisikia mlango ukigongwa, simu yake ilizimwa saa ngapi. Akauliza namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Mama akatoa kikaratasi kilichokunjwa ndani ya leso. Kituoni walikuwa wamemzungusha, leo nenda kesho rudi, hadi mzee mmoja wa kanisa lake alipokwenda naye ndipo wakakubali kuandika kwenye kitabu. Binti alikitazama kile kikaratasi akakipiga picha papo hapo, kabla hata ya kumaliza sentensi aliyokuwa akiandika. Tangu namba ile iandikwe, kituo hakiwezi tena kusema hakikusikia.

Mara nyingine mama alitoka kwenye maelezo akaanza kusimulia jinsi kijana alivyokuwa mtoto, alivyopenda maharagwe. Kalamu ikawekwa mezani, binti akasikiliza. Ilipofika wakati akasema taratibu, "Turudi mlangoni, mama. Waliingia wangapi?"

Sheria yenyewe tunayo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 49, inataka anayekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya mwenzake asiyeweza. Na agizo la Mahakama Kuu la kutaka aliyeshikiliwa aletwe mbele ya hakimu ni miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa hali yoyote. Katiba hiyo ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, Uhuru Park hiyo hiyo, huku jukwaani ameketi Omar al-Bashir wa Sudan, akitafutwa na mahakama ya Hague. Sisi ni watu wa vituko. Lakini Jaji Mkuu wa kwanza kuteuliwa chini ya katiba hiyo alikuwa Willy Mutunga, aliyewahi kuwekwa kizuizini na Moi, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, KHRC. Hiyo ni tume ya raia, iliyoanzishwa mwaka 1992. Isichanganywe na ile ya serikali.

Karatasi haimlindi mtu na risasi, na wanaofanya kazi hii wanalijua hilo kuliko sisi. Juni 2016 wakili Willie Kimani, wa shirika la International Justice Mission, alikuwa akimtetea Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na polisi kisha akabambikiwa mashtaka alipothubutu kulalamika. Tarehe 23 walitoka mahakamani Mavoko katika teksi ya Joseph Muiruri. Hawakufika nyumbani. Walifungiwa kwanza katika kituo cha polisi wa utawala huko Syokimau, na kutoka seli hiyo kikatupwa nje kipande cha karatasi ya choo chenye maandishi ya kuomba mke apigiwe simu, maisha yamo hatarini. Mpita njia akakiokota. Miili ya wote watatu ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 askari watatu na raia mmoja walipatikana na hatia. Februari 2023 afisa Fredrick Leliman akahukumiwa kifo, wenzake vifungo vya kati ya miaka 20 na 30. Kimani alikuwa wakili. Alijua kwamba hata ndani ya seli, ukipata pa kuandikia, unaandika.

Kuna wanaosema miaka sita ni mingi mno. Waulize wazee wa Mau Mau.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya, waliopita katika kambi za wakoloni miaka ya 1950, waliishtaki serikali ya Uingereza huko London. Nyuma yao kulikuwa na chama cha maveterani wa Mau Mau na KHRC, ambayo watu wake walikuwa wamekwenda vijijini kukusanya maelezo ya vikongwe, mmoja mmoja: kambi ipi, mwaka gani, ulifanywa nini, na nani. Sijui kama msomaji amewahi kumwuliza mzee wa miaka 80 maswali hayo. Kuna wanawake waliotendewa mambo ambayo hawakuwahi kuwaambia waume zao, sembuse kijana aliyekuja na daftari. Kuna wanaume waliohasiwa waliokuwa wamezeeka wakiitwa majina mengine.

Uingereza haikusema mambo hayo hayakutokea. Ilisema kwanza kwamba mzigo ule ulihamia kwa serikali ya Kenya siku ya uhuru, kisha ikasema muda umepita sana, mashahidi wamekufa, haiwezekani kuendesha kesi ya haki. Katikati ya mabishano hayo, mwaka 2011, likajulikana jambo: mafaili ya Kenya yaliyosafirishwa kimyakimya kwenda Uingereza wakati wa uhuru, takriban masanduku 300, yalikuwa yamehifadhiwa Hanslope Park, mbali na macho ya watafiti. Mkoloni alikuwa ameandika yote, barua kwa barua, kisha akayafungia. Makovu ya wazee na barua za maafisa yakawa yanasema kitu kimoja. Oktoba 2012 jaji aliruhusu watatu waendelee na kesi. Wengine wawili walikuwa wameshafariki. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alisimama bungeni London akaeleza masikitiko ya serikali yake, na ikakubaliwa kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228.

Gawanya mwenyewe, hata kabla ya kutoa gharama za mawakili: kila mmoja hafikii pauni 4,000 kwa kambi, kipigo na nusu karne ya kunyamazishwa. Uhuru wenyewe haukuwapa zaidi. Marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau iliendelea kuwa sheria ya Kenya hadi mwaka 2003. Kwa hiyo wanaotuambia haki za binadamu ni mambo ya wazungu nawauliza ni mzungu yupi aliyekuwa na hamu ya kuyaona maelezo ya wale vikongwe. Kumbukumbu ya waliosulubiwa katika kambi hizo ilizinduliwa Septemba 2015, na imejengwa Uhuru Park, kwenye pembe iitwayo Freedom Corner, pale pale walipolala akina mama.

Lawama ya ukibaraka ni ya zamani na haichoki. Mwaka 2013 kulikuwa na mswada wa kuyazuia mashirika yasipate zaidi ya asilimia 15 ya fedha zao kutoka nje. Bunge likaukataa mwezi Desemba. Serikali iliyoleta mswada huo yenyewe ilikuwa ikijengewa barabara kwa mikopo ya nje, lakini tuyaache hayo. Swali la fedha ni la kweli, na naona majibu yake yameanza kuonekana. Katikati ya mwaka 2024, vijana walipoandamana kupinga mswada wa fedha na wengine wakauawa, watu walichanga kwa simu zao mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi na mazishi. Mchango wa mazishi tunauweza sote. Wa kumlipa karani anayeandika namba ya OB ya mtoto wa mtu usiyemjua, huo bado.

Mimi ugomvi wangu na mashirika haya uko kwingine. Nimekaa katika warsha zao za hotelini, nikaona posho inavyozungumzwa kwa bidii kuliko mada. Na nimesoma ripoti zao, zenye majalada ya kung'aa na picha ya mama anayelia. Zimeandikwa Kiingereza kile cha wafadhili, na yule mama wa pichani hawezi kusoma hata maelezo yaliyo chini ya uso wake. Nikiwauliza wananiambia bajeti haina fungu la tafsiri.

Hili si jambo la heshima tu. Jirani yangu alipewa nakala ya hati yake ya kiapo kabla haijapelekwa Mahakama Kuu. Ilikuwa ya Kiingereza, akaniletea nimsomee. Nilikuwa nikimfasiria polepole, yeye akichambua sukuma wiki, hadi nilipofika kwenye gari.

"Hapo simama. Sikusema nyeupe."

Nikarudia. Hati ilisema nyeupe, basi.

"Nilisema nyeupe au kijivu. Yule msichana aliandika, nilimwona."

Aliandika kweli. Mahali fulani kati ya daftari lake na kompyuta ya wakili, mtu aliona ni nadhifu zaidi kuchagua rangi moja. Tulipiga simu, ikarekebishwa siku hiyo hiyo. Wakili yeyote wa upande wa pili angeanzia hapo: mama, uliapa gari ni jeupe, shahidi wako anasema la kijivu, tumwamini nani?

Kijana alipatikana siku ya kusikilizwa kwa ombi ikikaribia, ametupwa kando ya barabara mbali na mji, hana viatu wala simu. Yuko nyumbani. Mama anataka kesi iendelee, ajulikane aliyemchukua. Kijana hataki. Anasema wanapajua kwao, na kwamba kutia sahihi ni kuwaita warudi. Wanabishana juu ya hilo hata mbele ya wageni. Binti wa hijabu hupiga simu mara kwa mara kuuliza hali yake na kama analala usiku, na hajamgusia sahihi hata mara moja. Mama ndiye anayemnyang'anya kijana simu na kuuliza faili limefika wapi.